Tuanze Upya

Uji ulikuwa bado haujachemka Fransiska alipofungua dirisha la chumbani. Upepo wa Julai ukaingia, ule upepo wa Ufipa usiojua kubisha hodi, ukaipeperusha kanga iliyotundikwa msumarini. Akamshika mumewe kwapani, akamkalisha, akamvalisha koti, akamwosha uso kwa maji ya vuguvugu akianzia upande wa kulia, ule uliolegea. Kisha akasema kama alivyosema jana, na juzi, na siku zote tangu watoke hospitali:

"Mwanga umeingia, mume wangu. Tumshukuru..."

Akanyamaza. Akangoja.

Beda alimtazama. Midomo yake ikacheza kama ya mtu anayetafuta mwiba wa samaki kinywani. Nje kuku waligombana, wakapatana, wakagombana tena.

"Mmm," alisema Beda.

"Mungu," Fransiska akamalizia, akacheka. "Umekaribia. Jana ulikuwa mbali zaidi."

Binti yao Adela alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. "Mama, kila siku yale yale. Hivi huchoki?"

"Uji nao si ule ule? Mbona siku ukiukosa unanuna mpaka jioni?"

"Uji unashibisha."

"Na hiki kinashibisha. Kakoroge, utaungua."

Adela akaenda kukoroga. Hakuwa binti mbaya. Alikuwa amechoka tu kumwona baba yake, mtu aliyekuwa akiongoza sala ya jumuiya yao pale Pito kwa sauti ya kutikisa bati, akihangaika na neno moja asubuhi nzima kama mtu anayevuta ndama matopeni. Zamani, mtu akiruka kipande cha sala, au akiikimbiza amalize haraka, Beda alikuwa anagonga fimbo yake chini na kusema, "Tuanze upya." Hata kama watu walikuwa wamefika mwisho. Hata kama mvua ilikuwa inakuja. Watoto wa kijiji walimwita Mzee Tuanze Upya, naye alijua, na hakukasirika.

Kiharusi kilimkuta shambani wakati wa kupindua ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa hufukia nyasi ndani yake zioze ziwe mbolea. Alianguka juu ya tuta, jembe likabaki limesimama. Hospitalini muuguzi mmoja alimwambia Fransiska maneno machache: "Dawa atakunywa, lakini ulimi ni kazi yenu nyumbani. Mzoesheni. Msimkatize, msimmalizie haraka." Fransiska hakuwa amesoma sana, alimaliza darasa la saba akaishia hapo. Lakini neno "mzoesheni" alilielewa. Ndivyo alivyofundishwa kusali, kupika, na kulea.

*

Eustaki, mdogo wake Beda, alifika siku ya Jumatano kwa bodaboda kutoka Malangali. Alikuwa mnunuzi wa mahindi, mtu wa haraka, na kila alipokuja Pito bodaboda ilimngojea nje huku inanguruma.

"Shemeji, hujambo? Sukari hii hapa. Kaka yuko wapi? Nina dakika chache tu."

"Sijambo, shemeji. Karibu ukae."

"Nitakaa siku nyingine." Akainama mbele ya kaka yake aliyekuwa anaota jua ukutani. "Kaka! Kaka Beda! Mimi nani? Sema basi. Sema, Eu... Eu..."

Beda akafumbua kinywa.

"Eu... sta... Haya, sema!" Eustaki akapiga makofi kama anayemfundisha mtoto kusimama dede. Yule wa bodaboda akacheka. Beda akafumba kinywa, akageuza uso ukutani.

"Haongei," Eustaki akasema akinyanyuka. "Sasa sikiliza, shemeji. Jumamosi mzee Kashinje anakuja na mwanawe, kwa habari ya Adela. Hili la kumtoa binti mnalijua."

Fransiska alilijua. Katika ukoo ule, neno la kumtoa binti aolewe lilitoka kinywani mwa baba. Baba akiwa hayupo, lilitoka kwa ndugu yake. Na aliyetoa neno ndiye aliyepokea ng'ombe, na ndiye aliyefuatwa na wakwe kwa furaha na kwa shida siku zote zilizobaki.

"Baba yake yupo," alisema Fransiska.

"Yupo, hayupo. Tusidanganyane. Neno nitalitoa mimi, na ng'ombe watakuja kwangu Malangali, huku nani atawachunga? Halafu huyo Msukuma lazima aongeze. Alichotaja ni kidogo. Asipoongeza, tutaangalia kwingine."

Adela alikuwa nyuma ya mlango. Akausukuma ukalia. "Baba mdogo, kwingine wapi?"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo. Kwingine wapi?"

"Marahaba. Mambo ya wazee hayo." Akarukia bodaboda, wakaondoka na vumbi lao.

Adela akakaa kizingitini akalia. Kija, kijana wa Kashinje, hakuwa na maneno mengi. Lakini Beda alipoanguka, Kija ndiye aliyekuja na maksai wake akamalizia lile shamba bila kuitwa. Na kila alipopita alisimama mbele ya Beda, akasema, "Shikamoo, baba," akangoja. Hakuondoka wala hakumsemea. Alingoja mpaka mzee anyanyue mkono wa kushoto, ndipo akasema asante, akaenda zake. Adela alimpendea kule kungoja.

"Mama, wakimruka baba Jumamosi?"

"Wakimruka mara moja watamruka siku zote," alisema Fransiska. Akainua ungo wa maharage. "Njoo tuchambue."

"Maharage, mama? Leo?"

"Na jana tulichambua. Njoo."

*

Hii nayo ilikuwa desturi yao. Baada ya uji, Fransiska aliweka ungo kati yake na Beda. Mkono wa kushoto wa mzee ulikuwa mzima. Fransiska aliokota punje, akasema, "Hili zuri," akaiweka bakulini. Akaokota nyingine iliyotobolewa na wadudu, akasema, "Hili...", akangoja. Beda aliichukua, akaitupa pembeni kwa kuku. Kisha nyingine. Kisha nyingine.

Wiki za mwanzo Fransiska alikuwa akichambua kwa mikono tu, moyo ukiwa kwingine. Alimwomba Mungu jambo kubwa: aamke akute Beda ameamka anaimba. Aliomba kwa machozi, akafunga, akapiga magoti mpaka yakauma, na kila asubuhi akakuta ni yale yale, uso ule ule, mmm ile ile. Akakasirika. Siku moja alimwambia Redempta, jirani yake wa jumuiya, "Mungu amenipa siku moja tu, halafu anaifyatua upya kila asubuhi kama matofali."

Redempta, aliyekuwa na majibu yake, akasema, "Na matofali si ndiyo nyumba?"

Jibu lile lilimfuata Fransiska. Akaanza kutazama. Akaona kwamba maji ya vuguvugu yakipita shavuni, Beda hufumba macho kama mtoto anayenyonya. Akaona kwamba ile mmm haikuwa moja: ilikuwapo mmm ya shukrani, na ya mzaha, na ya kusema uji una chumvi. Wakati ule wa kungoja, kati ya nusu ya neno lake na nusu isiyokuja, ulikuwa umemwelemea kama gunia. Sasa akaanza kuupenda. Ndani yake palikuwa na utulivu aliokuwa akiutafuta kanisani asiupate, kwa sababu kanisani alikuwa akifikiria vyungu. Akaacha kuomba kubwa. Akawa anasema tu, "Bwana, nipe na kesho niseme tena." Na alipokuwa akisema hivyo aliona furaha imeingia bila kelele, kama paka anavyoingia jikoni.

Jumatano ile Adela alikaa nao, macho mekundu kwa kulia, akichambua kwa hasira.

"Hili zuri," alisema Fransiska. "Hili..."

Beda akaigeuza ile punje chini ya kidole gumba. Akaitazama sana.

"Bovu," akasema.

Adela akaacha mkono hewani. Fransiska hakupiga kelele. Machozi yalimjaa, ila akaokota punje nyingine. "Hili zuri. Hili..."

"Bovu."

"Baba!" Adela akamkumbatia, ungo ukapinduka, maharage yakamwagika mazuri na mabovu pamoja, kuku wakaja mbio. Beda akacheka. Kicheko chake kilikuwa kimepinda upande mmoja, lakini kilikuwa chake.

"Usimwambie mtu," Fransiska akasema. "Wakisikia watakuja kumpigia makofi."

*

Jumamosi watu walifika mapema. Mzee Kashinje alikuja na kofia yake pana na koti zito, akifuatana na Kija na mshenga wao. Familia yake ilikuwa imetoka Shinyanga na mifugo yao miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa bado na milima ya Kisukuma ndani yake. Akina mama wa jumuiya walikuwa jikoni pamoja na Redempta. Bodaboda ya Eustaki ilikuwa nje, inangoja.

Eustaki alikuwa ameshapanga viti. Chake alikiweka katikati, pale ambapo siku zote palikaa kiti cha Beda. Beda alikuwa amekalishwa pembeni karibu na magunia, amefunikwa blanketi mpaka kidevuni kama kitu kinachohifadhiwa kisipate vumbi. Fransiska alitoka jikoni na birika la maji ya kunawa, akaona. Akasimama kidogo. Wageni walikuwa wanatazama, akaendelea kunawisha.

"Wazee wangu," Eustaki akaanza, "kama mnavyoona, kaka yangu ni mgonjwa, haongei. Kwa hiyo neno liko kwangu. Twende moja kwa moja, muda ni mali."

"Tumekusikia," alisema Kashinje. "Ila mimi nilitoka nyumbani nakuja kwa mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ndiye huyo hapo. Lakini ndiyo hivyo tena. Yupo, hayupo."

Kija aliinua macho. Akamtazama Beda, na Beda alikuwa anamtazama.

"Kuhusu hao ng'ombe," Eustaki akaendelea, "mlichotaja tumekiona. Kwa binti kama Adela, kwa kweli..."

Kigangoni rimu ya gari, ile iliyotumika kama kengele, ikagongwa.

Ilikuwa saa sita. Jikoni vyungu vikanyamaza. Akina mama wakatoka wakijifuta mikono, wakasimama uani, kwa maana Pito kengele ya sala ya Malaika wa Bwana haimkuti mtu amekaa. Eustaki akaangalia nje kwenye bodaboda, akapumua, akasimama. Akaanza kwa mwendo wa mtu anayehesabu magunia.

"Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria."

"Naye akapata mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu," wakaitika.

Akaisema Salamu Maria kwa pumzi moja. Kisha akaruka. Mtumishi wa Bwana hakumtaja, Neno kutwaa mwili hakulitaja, akaingia moja kwa moja kwenye "Atukuzwe Baba," na mkono wake ulikuwa tayari unashuka begani kumaliza ishara ya msalaba, iliposikika fimbo.

Ko. Ko.

"Tuanze upya."

Hakuna aliyejua mara moja sauti imetoka wapi. Mfuniko wa sufuria ukamponyoka Adela, ukazunguka chini, ukazunguka, ukalala. Beda alikuwa ameliangusha blanketi. Alikuwa amejiegemeza kwenye fimbo yake kwa mkono wa kushoto, nusu amesimama, nusu anaanguka, na Kija alikuwa ameshafika kumshika.

"Malaika wa Bwana," akasema Beda.

Maneno yalitoka mazito, mengine yamekatika mikia, lakini yalitoka kwa mpango wake, moja likimshika mwenzake mkono. Akina mama wakaitika. Mzee Kashinje akavua kofia yake pana, akaiweka kifuani. Fransiska aliitika na birika bado mkononi, maji yakimwagikia miguu, hakuyasikia. Beda hakuruka kitu. Alipofika kwenye Amina aliisema kama mtu anayeweka mzigo chini mbele ya nyumba yake.

Redempta akapiga vigelegele. Wakamfuata wote.

"Kaka! Kumbe umepona!" Eustaki akamrukia. "Haya, sema sasa. Binti umemtoa? Sema!"

Beda akafumbua kinywa. Midomo ikacheza. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Watu wakaanza kuinamisha macho.

"Sema basi!"

Hakikutoka kitu. Eustaki akageukia wageni, mikono wazi. Hakuwa mwovu, alisikitika hata yeye. "Mnaona wenyewe. Sala ni mazoea tu, ulimi unatembea peke yake. Neno la binti ni jambo lingine."

Fransiska akaweka birika chini.

"Shemeji," alisema, "ile njia ya kwenda kisimani nani aliilima?"

"Njia gani tena?"

"Hakuna aliyeilima. Ni miguu, kila siku. Na ukitaka maji hupiti kwingine." Akamgeukia Kija. "Baba, nisaidie. Mlete pale katikati."

Kija akamwinua mzee. Eustaki alijikuta amekiacha kiti kabla hajaamua kukiacha. Fransiska akachukua upindo wa kanga yake, akaulowesha, akamfuta mumewe uso, akianzia upande wa kulia.

"Mwanga umeingia, mume wangu. Tumshukuru..."

Akangoja.

"Mungu," alisema Beda.

Fransiska alikuwa amelisubiri neno lile asubuhi zote zile, na sasa lilipokuja hakuwa na nafasi hata ya kulilia. "Mzee Kashinje yuko hapa na Kija. Wanamwomba Adela. Na wewe, baba yake, unasema..."

Akangoja. Upepo ukapita kwenye mikaratusi. Eustaki akavuta pumzi aseme kitu, Kashinje akanyanyua kiganja. "Mwache. Ng'ombe anayezaa hasukumwi."

Beda alimtafuta Adela kwa macho mpaka akamwona mlangoni. Kisha akamtazama Kija, ambaye alikuwa amechuchumaa mbele yake, anangoja, kama alivyongoja siku zote njiani.

"Ndiyo," alisema Beda.

"Hapana, hapana," Eustaki akasema juu ya vigelegele. "Shemeji, umemwekea neno mdomoni! Angejibu ndiyo hata kwa kuulizwa kama mwezi ni ugali."

"Basi muulize wewe," alisema Fransiska.

Eustaki akavuta kigoda, akakaa mbele ya kaka yake. Akajaribu kuigiza sauti ya upole. "Kaka. Kwa kuwa wewe ni mgonjwa, ng'ombe wa Adela watalala kwangu, Malangali. Na wewe unasema... unasema ndiyo, si ndi..."

"Ngoja!" uani kote wakamfokea.

Akangoja. Labda ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kungoja kitu huku amemtazama mtu usoni. Beda naye alimtazama mdogo wake. Akanyanyua mkono wa kushoto, akaupitisha hewani taratibu, vile anavyotupa punje kwa kuku.

"Bovu," akasema.

Adela ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakaa chini. Fransiska akajifunika kanga usoni, mabega yakitikisika. Kashinje akajipiga paja kwa kofia. "Amejibu! Mwenye nyumba amejibu! Nani anasema hayupo?"

Eustaki alibaki na kinywa wazi. Uso wake ulikaa katikati, kama mtu aliyefika njia panda, kisha kitu kikalegea ndani yake, naye akacheka. Akashika goti la kaka yake. "Kaka, hata ugonjwa haujakufundisha adabu."

"Mmm," alisema Beda, na Fransiska peke yake alijua kwamba ile ilikuwa mmm ya mzaha.

Eustaki akatoka nje kwenye bodaboda. "Nenda, kijana. Nitalala huku." Akarudi, akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye magunia. Ng'ombe hawakuongezwa. Watu wakala ugali wa ulezi na maharage, na katika maharage yale hakukuwa na hata moja lililotobolewa.

*

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Uji ulikuwa bado haujachemka. Fransiska akafungua dirisha, upepo ukaingia bila hodi, kanga ikapepea. Sebuleni Eustaki alikuwa anakoroma. Jikoni Adela alikuwa anaimba akikoroga, na hakuna aliyemtuma.

Akamkalisha mumewe. Akamvalisha koti. Akamwosha uso akianzia upande wa kulia, Beda akafumba macho. Akakikunja kitambaa, akavuta pumzi aseme.

Beda akainua mkono wa kushoto, akamzuia.

"Mwanga," akasema. Akapumzika. "Mwanga umeingia. Mke wangu. Tumshukuru..."

Akanyamaza. Akangoja.

Fransiska alilijua neno lile kuliko alivyolijua jina lake. Alilisema asubuhi zote, peke yake, kwa niaba ya wawili. Akafumbua kinywa alitoe, lakini midomo yake ikacheza tu, bila sauti. Jikoni uji ukaanza kuchemka. Beda hakumkatiza, wala hakummalizia. Alingoja mpaka akaona machozi yamemshinda, ndipo akatabasamu kwa ule upande wake mmoja, akaitafuta fimbo kitandani, akagonga sakafu taratibu.

"Tuanze upya," akasema.